Damu Iliyotolewa Saa Tisa

Kwa aliyekosa gazeti la juma lililopita: nilianguka.

Nilianguka sokoni Butembo, mbele ya umati, kipaza sauti mkononi, nikitaja kwa jina na kwa tarehe wote waliokula kodi yetu tangu mwaka wa tisini na saba. Pua ikatoka damu. Macho yakaona giza. Walionibeba walisema: Zorobabel, président wetu sisi wauzaji, amelogwa na wakubwa wa kodi.

Sikulogwa. Nilijua vizuri kilichokuwa mwilini mwangu, na sikumwambia mtu.

Kwa miezi minane nilikuwa nadungwa sindano za homoni ya kiume, kwa siri, na Jephté mwenye duka la dawa nyuma ya soko. Nilikuwa nimechoka, wasomaji. Miaka hamsini na minane. Mapaja yalikonda, usingizi wa mchana ulinishika kama mtoto, na usiku nilimgeuzia mke wangu mgongo nikijifanya nawaza siasa. Jephté akaniambia homoni imekwisha, akanidunga, na kweli nguvu zikarudi. Sauti ikarudi. Kitanda kikarudi.

Kitu kimoja tu hakikuja. Mtoto.

Mke wangu Kavuo ana miaka thelathini na tisa. Nilimwoa nikiwa mjane, wanangu wa kwanza wamekwisha kujenga kwao. Yeye hajazaa hata mara moja. Miaka mitatu anangoja, na ile miezi minane ya mwisho aliingoja kwa tumaini kubwa, kwa sababu mume alikuwa ameamka.

Donc, siku ya tano baada ya kuanguka, nilimdanganya Kavuo kwamba naenda mkutano wa société civile, nikapanda pikipiki mpaka Beni. Butembo nisingethubutu kujipima. Kila muuguzi ananijua.

Daktari alikuwa mwanamke, docteur Delphine, mtu wa Kisangani aliyetumwa huku na serikali. Mimi watu waliotumwa na serikali nawatazama kwa jicho moja. Yeye alinitazama kwa mawili.

"Papa Zorobabel, damu yako iko nzito. Chembe nyekundu, hamsini na nane kwa mia. Sisi tunaanzaka kuogopa ku hamsini na ine. Unajua mawese asubuhi ya baridi kule kwenu, vile inashikamana ndani ya chupa? Ni vile. Ikishikamana ku kichwa, unapooza upande moja. Unakunywaka nini?"

"Chai."

"Na sindano?"

Nikakiangalia kiatu changu.

"Papa, niko na bagonjwa makumi mbili inje. Sindano gani?"

Nikavua kiatu. Kichupa kilikuwa ndani ya soksi. Alikishika kwa vidole viwili, akasoma maandishi yake madogo.

"Testostérone. Nani alikuandikia?"

"Jephté."

"Ni docteur?"

"Iko na koti nyeupe, blouse ya docteur."

"Hata muuza nyama iko na blouse nyeupe. Alikuwa anakudunga kila siku ngapi?"

"Mwanzo kila wiki tatu. Nilipoona nguvu, nikamwambia aongeze. Tukafika kila wiki."

"Tukafika," akarudia. "Muko batu bawili kumbe, munasafiri pamoja."

Nikakasirika. Nikamwambia mimi si mjinga wa kudungwa ovyo, nilipimwa kwanza. Nikatoa ile karatasi ya kipimo. Mimi karatasi situpi. Ninazo karatasi za risiti za soko tangu Mobutu. Nikamwekea mezani kama ninavyowawekea watu wa kodi.

Akaisoma. Akainua kichwa.

"Hapa banaandika damu ilitoka saa tisa ya mchana. Juu ya nini saa tisa?"

"Asubuhi kulikuwa kumefungwa."

"Labo ilifungwa?"

"Mji wote ulifungwa. Ilikuwa ville morte. Mpaka saa nane hakuna duka, hakuna pikipiki, hakuna ofisi. Kisha Jephté alinifungulia kwa mlango wa nyuma, watu wasinione."

"Na nani alifunga mji?"

Ukuta wa ile ofisi ulikuwa na tangazo la chanjo. Nikalisoma lote.

"Papa, niliuliza."

"Mimi."

Docteur Delphine alicheka mpaka akavua miwani. Kisha akaacha kucheka mara moja, na hapo ndipo nilipoanza kuogopa.

"Sikiliza. Hii homoni inapanda alfajiri, inashuka mchana. Inapimwa asubuhi, mbele ya saa ine kufika, tumbo haina kitu. Ikiwa chini, haitoshi: unarudia siku ingine, tena asubuhi. Mara mbili. Wewe ulipima mara ngapi?"

"Moja."

"Ulikuwa mugonjwa?"

"Malaria. Quinine nilikuwa nimeimaliza siku tatu tu kabla ya kipimo. Na kabla ya malaria nililala siku sita cachot, juu ya saruji, kwa ajili ya ile ile kodi."

"Cachot, malaria, saa tisa." Alihesabu kwa vidole. "Papa, ule mwili hata wa kijana wa makumi mbili na tano ungetoa chiffre ya chini. Ile kipimo haina maana. Pengine haukukuwa na ugonjwa hata kidogo. Ulikuwa mutu mwenye kuchoka."

Wasomaji, nisikilizeni. Mwaka wa tisini na tisa muuza dawa mmoja alimpa baba yangu vidonge vya chokaa. Sikumsahau yule mtu, namjua mpaka mkato wa nywele zake. Kila Jumamosi redioni nawaambia watu: msitie sahihi msichosoma, msimeze msichokijua. Na mimi mwenyewe nikampa Jephté tako langu kila juma. Kwa nini? Kwa sababu nilipokuwa cachot yeye ndiye aliyeniletea ugali na sombe. Nilifikiri mtu anayekulisha gerezani hawezi kukudhuru akiwa huru.

Nikamwuliza docteur: kwa hiyo hii dawa ni uongo?

"Hapana! Ndiyo kile nachukiaka. Dawa ni ya kweli. Kuko banaume ambao homoni yao imeshuka kweli: nguvu inaisha, hamu inaisha, mifupa inakuwa laini, roho inakuwa nzito. Bale tunapima mara mbili, tunatafuta sababu, tunaangalia prostate, tunaangalia damu. Kiisha tunatia dawa kwa kipimo, tunafuatilia kila miezi. Inabasaidia sana. Mais kuko swali moja tunaulizaka mbele ya yote. Jephté alikuuliza?"

"Swali gani?"

"Unataka tena kuzaa?"

Nilihisi baridi mgongoni, na Beni si mji wa baridi.

"Juu ya nini?"

Akachukua kalamu, akachora kichwa, akachora na zile mbili za chini.

"Ku kichwa kuko chef. Yeye anatuma oda chini: tengenezeni homoni, tengenezeni mbegu. Ukiingiza homoni ya inje, chef anaona depo imejaa. Anaacha kutuma oda. Chini banafunga kazi. Homoni unayo, nguvu unayo, kitanda unacho. Mbegu, hapana. Wewe mutu ya Butembo unajua vizuri. Bitambaa bya inje bikijaa soko, mushonaji wa hapa anafanya nini?"

"Anafunga."

"Voilà."

Kisha akafungua droo, akatoa kikopo chenye mfuniko, akakisukuma mbele yangu.

"Ni ya nini?"

"Tuhesabu."

"Docteur! Mimi ni mukatoliki."

"Na mimi. Kikopo haina dini. Choo iko mwisho ya couloir, ufunguo iko na infirmière."

"Ufunguo niuombe mimi mwenyewe?"

"Unaongoza mji muzima, papa. Omba ufunguo."

Sitaeleza zaidi. Nitasema tu kwamba yule muuguzi alinipa ufunguo na kuniambia, "Bon courage, président," na kwamba nilijua hapo kuwa hata Beni wananijua.

Nilingoja saa nzima kwenye benchi. Docteur aliniita ndani, akafunga mlango.

"Sikuona hata moja."

"Tafuta vizuri."

"Niliangalia mara mbili. Ni zero, papa."

"Zitarudi?"

"Tutasimamisha sindano leo. Utachoka sana kwa muda, chef ataamka pole pole. Kwa bengi inarudi: miezi sita, mwaka, ingine inapita mwaka. Kwa bamoja ya umri wako hairudi yote. Siwezi kukuahidi." Akasita. "Bibi yako iko na miaka ngapi?"

"Makumi tatu na kenda."

Aliandika kitu, akakifuta.

"Anajua?"

"Hapana."

"Donc iko anafikiri ni yeye hazai."

Alinilaza, akanitoa mfuko mzima wa damu ili iliyobaki ipungue uzito. Ilikuwa nyeusi kama kahawa. Nilikuwa naiangalia inashuka katika mpira, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu serikali ilichukua kitu changu kwa faida yangu.

Sasa niseme lile ambalo nililificha majuma yote haya.

Docteur aliposema Kavuo anafikiri ni yeye, hakusema jambo geni. Nilijua. Nilimwona anachemsha majani machungu asubuhi na jioni. Nilimwona anafunga kula kwa ajili ya novena. Wanawake kwenye bomba la maji walimwita mti mkavu, akarudi na ndoo nusu kwa sababu hakuweza kubaki pale ijae. Shangazi yake Kanyere, dada ya baba yake, alikuja kutoka Vuhovi kumwuliza mbele yangu kama alipokuwa msichana alitoa mimba.

Na mimi nilikuwa nimekaa pale pale, na mkono wangu ulikuwa juu ya tako lililodungwa siku ile ile. Nilisema nini? Nilisema, "Mungu atajua."

Sikujua kwamba sindano inaua mbegu, hilo ni kweli. Lakini nilijua nina siri inayohusu kitanda chetu, na nilimwacha mwanamke alipie siri ile. Mtu anayejua hivyo na kunyamaza, namwita jina gani kwenye redio? Mnalijua jina lile. Nimewaita wengi.

Nilifika Butembo kesho yake, Alhamisi, saa sita. Nyumbani, mtaani Furu, nilimkuta Kanyere sebuleni, na kando yake kikapu cha Kavuo kimefungwa kwa kitenge.

"Mukwe, umefika vizuri," Kanyere akasema. "Tulikuwa tunakungoja tu tuage. Familia ilikaa. Mutoto wetu haizai, na hatutaki useme tulikuuzia mbuzi tasa. Tunamurudisha. Mbuzi zako za mahari zitakuya."

Kavuo alikuwa amesimama mlangoni mwa jikoni. Hakulia. Uso wake ulikuwa kama ukuta uliokwisha kupigwa lipu.

"Mama Kanyere, keti kwanza," nikamwambia.

"Nimeketi miaka tatu."

"Keti tena kidogo. Si Kavuo. Ni mimi."

Nikasema yote. Jephté, vichupa, saa tisa, kikopo, zero. Nilisema harakaharaka, kama mtu anayetapika. Nilipomaliza, mafuta ya jikoni yalikuwa yanaungua na hakuna aliyekwenda kuyatoa.

Kanyere alisimama polepole. Ni mwanamke mfupi, lakini siku ile paa lilikuwa chini yake.

"Kumbe wewe ndiyo uko tasa, na mutoto wangu ndiyo ulifanya mulango ya kujifichia?"

"Ndiyo, mama."

"Mimi nilimuuliza huyu mutoto juu ya kutoa mimba! Mbele yako! Na ukanipa chai!"

"Ndiyo, mama."

"Ndiyo, mama! Ndiyo, mama! Kule sokoni unajua kusema saa tatu bila kukunywa maji, hapa unajua ndiyo mama tu?"

"Songali, acha," Kavuo akasema. Songali ndivyo sisi Wanande tunavyomwita shangazi, na alilisema kwa sauti ndogo sana. Kisha akanigeukia.

"Mbegu itarudi?"

"Pengine. Mwaka. Pengine zaidi."

"Mwaka." Alilishika lile neno kama mtu anayepima uzito wa kuku. "Mwaka naweza kungoja. Nilikuwa nangoja bure, sasa nitangoja nikijua. Ile haiko shida. Matusi nilipataka wapi, Zoro?"

"Inje."

"Na leo umesema wapi?"

Nikautazama mlango.

"Umesema ndani, watu watatu, mulango umefungwa."

Kanyere akadakia: "Kwetu Vuhovi, jina ya mutu ukiichafua ku soko, unaiosha ku soko. Haioshwake ku salon. Hata babu yako alijua ile."

Alikuwa na haki. Babu yangu alijua. Nimeona kwa macho yangu mzee mmoja akisimamishwa katikati ya soko la Vuhovi, siku ya soko, akasema kwa sauti: niliyemwita mwizi si mwizi, mwizi ni mdomo wangu. Nilikuwa na miaka tisa. Sijasahau hata rangi ya koti lake.

"Siku ya posho, Jumamosi, uko na émission yako ya redio," Kavuo akasema. "Saa kumi. Mimi nitakuwa Vuhovi kwa songali, na poste ya redio ku sikio. Utasema vile umesema leo. Kila kitu, na jina yako, na jina yangu. Ukisema, kuya siku ya yenga kiisha misa, unichukue, nitapanda pikipiki mbele ya batu bote. Usiposema, usikuye. Hata ukituma padri."

"Kavuo, Jumatatu tuna maandamano ya kodi. Watu wakisikia hivi..."

"Batasikia nini?"

"Batasema wanafuata mwanaume bila..."

"Bila nini? Maliza."

Kanyere akabeba kikapu. Wakaondoka. Mafuta yaliendelea kuungua.

Jumamosi mchana nikaenda kwa Jephté. Nilitaka kumshika shingo. Lakini mlangoni nilikuta wanaume kumi na mmoja kwenye mstari, wauzaji wangu, na wawili wao vijana waliooa mwaka huu. Mmoja, Ésaïe anayeuza mabati, akanipigia saluti.

"Président! Na sisi tumekuya kutafuta ile yako."

"Ile gani?"

"Dawa ya Président. Jephté anasemaka ni ile inakufanyaka useme saa tatu."

Nikaingia ndani, nikafunga mlango kwa teke. Jephté alikuwa anavunja kichupa, taratibu, kama mtu anayechinja kifaranga.

"Umewauzia kwa jina langu?"

"Jina yako ni dawa, kaka. Mimi naongezaka tu sindano."

"Ulijua inaua mbegu?"

Alifuta vidole. "Wewe uliniomba nguvu. Uliniomba mutoto? Siku moja uliniomba mutoto? Ungesema, ningekuambia."

Hilo lilinipiga, kwa sababu lilikuwa na ukweli nusu. Sikumwomba. Niliona haya kutaja mtoto, nikaona nguvu ni jambo la kiume zaidi.

"Leo saa kumi nitasema redioni. Wote wale wa nje watasikia."

Hakutikisika. "Sema. Siku ya kazi ya kwanza nani atakuya ku marche, maandamano yako? Wale wa kodi watachora picha yako bila suruali, watabandika ku kila nguzo. Miaka makumi mbili umejenga jina, na utaibomoa juu ya mwanamuke?" Kisha akainama karibu, na sauti yake ikawa ile ile ya kwenye dirisha la cachot. "Mimi nilikulisha, Zorobabel. Nani mwingine alikuya na sombe? Fikiri kwanza."

Nilifikiri. Nataka mjue kwamba nilifikiri. Kutoka pale mpaka redioni ni mwendo wa nusu saa, na mimi nilitembea saa mbili. Nilipita sokoni, watu wakaniamkia, na kila mkono niliousalimu niliuliza moyoni: huu utabaki?

Saa kumi kasoro niliingia studio. Redio yetu ni chumba kimoja chenye magodoro ukutani. Umeme wa studio unatoka kwenye betri za jua. Lakini antena iko juu mlimani, na kule kuna groupe, jenereta inayokunywa mafuta, na mafuta yale, tangu mwaka jana, yanatolewa na rafiki wa redio. Nadhani mmekwisha kumjua rafiki yule: ana blouse nyeupe. Mimi siku ile sikumkumbuka. Mimi, mwenye kukumbuka kila kitu.

Blaise, fundi wa redio, akanipa vidole vitatu, viwili, kimoja. Wimbo ukashuka.

"Wauzaji, wabebaji, mama za soko, ninyi wa Butembo, wa Vuhovi, wa Lubero, ni mimi Zorobabel, na leo sitasema juu ya kodi."

Nikavuta kipaza sauti karibu. Nikasema.

Nilisema kwamba Kavuo si mti mkavu. Nilisema ni mimi, na nikataja kile kisicho ndani yangu kwa jina lake, bila kukivika nguo. Nilieleza saa tisa ya mchana na saa nne ya asubuhi, nikaeleza mara mbili, nikaeleza kichwa na chini. Niliwaambia wale kumi na mmoja wa kwenye mstari, na kwanza wale vijana wawili: kama mnataka kuzaa, tokeni pale sasa hivi, nendeni kwa daktari, mpimwe. Nilimtaja Jephté. Niliwataja wanawake wa bomba la maji, bila hasira, nikasema walitukana mtu asiye na kosa kwa sababu mwenye kosa alikuwa anakunywa chai. Mwishoni nilisema, "Kavuo, jina lako nimelichafua inje, na inje nalioshea. Kesho baada ya misa nitakuja."

Dakika ishirini. Nilipovua vile vya masikioni nililia, na sikuona haya. Sikuwa nimejisikia mwanaume hivyo hata wiki ile ya sindano ya kwanza.

Nikamtazama Blaise kupitia kioo. Nilingoja anipe dole gumba.

Alikuwa amesimama, simu sikioni, mkono mwingine kichwani.

Akaingia. Hakunitazama usoni.

"Président, émetteur ilikufa."

"Lini?"

"Mulinzi wa ku mulima anasema kuko mutu alifika na oda, akafunga groupe. Ulikuwa umesalimia tu batu, ukasema jina yako. Kiisha ile, hewani hakukuwa kitu. Ulikuwa unasema na mimi peke yangu."

"Umesikia, wewe?"

"Nilisikia yote, papa." Kijana yule akarudisha simu mfukoni. "Mais mimi siko soko."

Nikachukua simu. Nikampigia Kavuo. Ikaita mara mbili, ikakatwa. Nikapiga tena. Imefungwa. Nikampigia Kanyere. Imefungwa.

Kisha simu ikatetemeka mkononi mwangu, ujumbe mmoja, wa kabla hajaifunga:

"Nilisikia ukisalimia. Songali alinyamazisha batoto, majirani bakakuya kuketi ku lupango ya nyumba, juu nilibaambia bakuye basikie. Tulikaa dakika makumi mbili na poste katikati yetu. Hakuna hata neno moja. Bote baliona vile unanyamaza. Usikuye."